Mifuko Miwili ya Duara

Wasifu wa marehemu ulisomwa na shemeji yake mwenye sauti ya kwaya, na haukuchukua muda, maana Mama Mabula hakuwa mtu wa kujieleza. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akalima, akauza mchele sokoni, akapangisha vyumba vyake pale Ngokolo, akaugua, akafariki. Alipofika kwenye watoto, shemeji alisema: "Marehemu alijaliwa watoto wawili. Mabula, ambaye alikuwa mchimbaji na alishatangulia, na Pendo ambaye tuko naye hapa." Akageuza karatasi akaendelea na wajukuu. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi, na neno lile, mchimbaji, lilinipita kama linavyopita tangazo la gari lililopoteza namba. Halikuwa uongo. Mabula alichimba, na alikufa akichimba. Lakini nilimjua mama yake, na ninajua kwamba kama angekuwa na uwezo wa kuinuka ndani ya lile jeneza angeinuka pale pale akamwambia shemeji yake arudie kusoma.

Mwaka ninaotaka kuusimulia niliuishi kwenye nyumba yake hiyo ya Ngokolo, chumba cha pili kutoka bombani. Nilikotoka na kwa nini nilikuja Shinyanga si habari ya hapa. Inatosha kusema nilikuwa mwalimu mpya wa hisabati katika shule ya sekondari ya watu binafsi, nina godoro, meza, jiko la mkaa, na kompyuta mpakato ambayo betri yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika na mimi nakatika. Chumba kilipakana na sebule ya Mama Mabula. Fundi aliyejenga aliishiwa mbao za dari kabla hajafika ukutani, akaacha uwazi, na kupitia uwazi ule kila lililosemwa sebuleni lilinifikia zima, pamoja na harufu ya mboga. Mwanzoni nilikuwa nakohoa ili wajue nipo. Baadaye niliacha, maana Mama Mabula mwenyewe alikuwa akimaliza mazungumzo na wageni wake anagonga ukuta na kuuliza, "Mwalimu, umesikia maneno hayo?" Nami najibu, "Nimesikia, Mama."

Chumba hicho nilitafutiwa na Mabula. Tulisoma wote chuo kikuu, hisabati, na watu walidhani ni wachumba. Hatukuwa. Sisi tulikuwa tunasomana kazi. Nieleze hapa, kwa sababu bila hili hakuna kitakachoeleweka. Kuna programu moja ya kompyuta ya kufanyia hisabati ambayo haina mwenyewe. Watu wa nchi mbalimbali wanaiandika bure, na anayeitaka anaichukua bure. Ukiwa na kipande chako cha msimbo, yaani yale maelekezo unayoipa kompyuta, unakileta kwenye ukurasa ulio wazi kwa wote. Hakiingii mpaka mtu mwingine akisome mstari kwa mstari, akijaribu, akuulize maswali, kisha aandike kwa jina lake kwamba amekubali. Kujikubalia mwenyewe ni mwiko. Mabula alikuwa anasoma vyangu, mimi nasoma vyake, na msimamizi wa ukurasa, mama mmoja wa nchi ya mbali ambaye sikuwahi kuiona sura yake, anapitia mwishoni.

Sijapata tena kusomwa namna ile. Mabula alikuwa hana huruma, na alikuwa anachekesha. Aliwahi kuniandikia: "Mstari wa nne unajisifu. Ufute, kazi inaendelea bila yeye." Nikimrekebisha mimi, hakuwahi kukubali bila kubishana. Tungekaa kwenye kibaraza cha mama yake, katikati yetu sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama ngozi, na tungetafuna na kubishana mpaka taya zichoke. Mama Mabula alikuwa anapita na ndoo, anasema, "Hawa wanagombana au wanasali?" Nilikuwa na furaha siku zile. Nasema hivyo wazi, kwa sababu sehemu iliyobaki ya mwaka haina furaha wala huzuni, na msomaji asije akadhani ndivyo nilivyozaliwa.

Ajira za walimu hazikutoka mwaka ule. Mimi nilipata shule ya binafsi, Mabula hakupata. Alikaa miezi akimsaidia mama yake kupembua mchele, kisha akaenda Runzewe, upande wa Bukombe, kulikokuwa na rashi ya dhahabu, watu wakikimbilia machimbo mapya kwenye vilima vya jirani. Alisema atarudi mavuno ya mpunga. Alikuwa anashuka kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo la kuchimbia, na jioni anakwenda senta kwenye kibanda cha kuchajia simu, anachomeka kompyuta yake kati ya simu za watu, anaandika. Kutoka kibanda kile alituma mchango wake wa mwisho. Ulikuwa wa kugawa vitu visivyokatika: unaipa kompyuta idadi ya vitu na uwiano wa mafungu, inakwambia kila fungu lichukue vingapi. Mambo ya kawaida, ungesema, lakini aliyaandika kwa namna ambayo hata namba ndefu kama barabara ya Biharamulo ziligawanyika papo hapo. Mfano alioweka ulikuwa wa mifuko kumi na saba kwa mafungu matano yaliyo sawa. Jibu la programu yake: tatu, tatu, tatu, tatu, tatu.

Mwenye macho haambiwi tazama. Tatu mara tano ni kumi na tano. Nilijaribu kwa namba nyingine, hali ile ile, kila mara jumla ya mafungu inapungua kidogo. Mtu yeyote aliyesomea mambo haya anajua kwamba kanuni ya kwanza ya kugawa ni kwamba ukivirudisha vyote pamoja upate ulichoanza nacho. Kuna njia zinazojulikana za kuamua kinachobaki kiende kwa nani, na Mabula alizijua, tulifundishwa pamoja, darasa moja. Nikaandika kwenye ukurasa, mbele ya wote, kwa ule ukali wetu wa matobolwa: "Jumla hailingani na idadi ya mwanzo. Mifuko miwili imekwenda wapi?" Niliandika nikicheka. Nilikuwa nangoja matusi yake.

Kabla hajajibu, duara lilititia. Walikuwa chini watu wanne, watatu wakatolewa hai. Mabula aliletwa Ngokolo kwenye pikapu, na wenzake sita wamekaa pembeni ya jeneza, udongo mwekundu bado umewakauka shingoni. Jeneza lilikuwa zuri, la mbao ngumu, limepigwa vanishi. Kompyuta yake waliileta ndani ya mfuko wa chumvi, wameufunga kwa kamba ya katani mara nyingi, wakamkabidhi mama yake kwa mikono miwili. Mama Mabula aliipokea akaiweka juu ya kabati la vyombo, akaifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, na hapo ikakaa.

Mimi nilikufa ganzi. Sijui neno jingine. Nilipika pamoja na wanawake, niliosha masufuria, nilikwenda makaburini nikarudi, Jumatatu nikaingia darasani nikafundisha milinganyo. Sikulia. Nilijaribu kujilazimisha, nikakaa kitandani nikimfikiria makusudi, na kilichokuja ni njaa. Kupitia dari nilimsikia jirani mmoja akisema, "Yule mwalimu aliyekuwa rafiki yake mbona kama hajafiwa? Moyo wa jiwe ule." Mama Mabula akamjibu, "Kila mtu na kilio chake. Mwache." Nilisikia yote mawili nikaendelea kuchambua mchele. Hata sasa, nikiukumbuka mwaka ule, nauona kama mguu uliokaliwa: najua ni wangu, lakini ukiubonyeza hakuna kitu.

Jambo moja nilikuwa nalifanya kila nikipata bando. Nilifungua ule ukurasa. Juu kabisa kulikuwa na jina la mchango, chini yake jina la Mabula, chini yake swali langu, na pembeni, kwa herufi ndogo za rangi ya machungwa, hali ya kazi: inasubiri mwandishi. Naangalia, nafunga. Sikuwa nategemea kitu. Wengine walikuwa wanakwenda kaburini, mimi nilikuwa nakwenda pale.

Masika yalipokatika, jioni moja Mama Mabula aliniita nile naye. Alikuwa amepika michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, na kando maziwa mgando kwenye kibuyu. Tulikula mpaka kibakuli kikabaki na mchuzi. Kisha akasema, "Mwalimu, ile kazi aliyokuwa anafanya mwanangu kwenye kompyuta ni kazi gani?" Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, nikatumia karanga kugawa kwenye kitambaa cha meza. Alifuatilia vizuri, alikuwa mfanyabiashara. "Wameikubali?" aliuliza. Nikasema bado. "Kwa nini?" Nikasema kuna kosa. Aliziangalia zile karanga muda mrefu. "Mabula kwenye hesabu?" akasema. Hakuniuliza tena siku hiyo, akakusanya zile karanga akazila.

Nilikuja kuelewa kwa nini aliuliza siku chache baadaye, kupitia dari. Alikuja shemeji yake, yule yule wa sauti ya kwaya, kupanga habari ya kujengea kaburi. Kaburi lingejengwa siku ya kumbukumbu, mwaka ukitimia, na fundi alitaka kujua maneno ya kuandika kwenye saruji. Shemeji alisema liandikwe jina, na chini yake "Mchimbaji", kwa sababu wenzake wa duara ndio waliomleta na wangefurahi. "Hapana," alisema Mama Mabula. "Alichimba miezi michache. Alianza kuhesabu hajang'oka meno ya utoto." Shemeji akasema basi iandikwe mtaalamu wa kompyuta, nani atauliza. "Mimi nitauliza," alisema Mama Mabula. "Siwezi kuandika uongo juu ya mwanangu amelala chini yake. Kuna kazi yake iko kwa watu, inasomwa. Ikikubaliwa, nitaandika habari ya kazi yake. Isipokubaliwa, andikeni jina tu, kama watoto wachanga." Halafu ngumi kwenye ukuta wangu, mara tatu. "Mwalimu, umesikia maneno hayo?" Nikajibu, "Nimesikia, Mama." Nilihisi kitu siku ile, kidogo. Ilikuwa hofu.

Na muda haukuwa upande wetu. Msimamizi wa ukurasa alikuwa ameandika kwamba michango ambayo waandishi wake wako kimya itafungwa karibuni, kusafisha nyumba. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo tunavyosema huku, na kumbe wanafanya hivyo hata ng'ambo. Nikamwandikia kwamba mwandishi amefariki. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuliandika neno lile kwa mkono wangu, nikalitazama kwenye kioo halikunifanya kitu. Alijibu kwa heshima sana. Akasema ananipa pole, na akanipa njia: nirekebishe mimi lile kosa, jumla ilingane, yeye atasoma, na mchango utaingia kwa majina mawili, la Mabula na langu. Ilikuwa kazi ya mistari mitano. Mwanafunzi wangu mzuri angeifanya kabla ya kengele.

Nilikaa mezani kuifanya. Nikaandika mistari ile mitano, ikafanya kazi, kumi na saba ikawa nne, nne, tatu, tatu, tatu, jumla safi kabisa. Nikaifuta. Kesho yake nikaandika tena, nikafuta tena. Sitaki kujifanya nilikuwa na msimamo fulani mkubwa, mtu aliyekufa ganzi hana msimamo. Ilikuwa tu kwamba hakuna mtu aliyekuwa ananibishia. Sikuwahi kumrekebisha Mabula akanyamaza, na ukimya ule kwenye ukurasa ulikuwa unanishinda kuliko ukimya wa kaburini. Nilitaka angalau mtu mmoja aniambie, "Wewe Verediana, umesoma vibaya."

Shule ilipofunga, Mama Mabula alinituma Runzewe. Alikuwa amevuna, na alitaka gunia la mchele liwafikie wale waliomleta mwanawe, kabla ya kumbukumbu, awashukuru. Mwenyewe alisema hawezi kulitazama lile shimo. Nikaenda mimi. Alinipokea Baba Neema, kiongozi wa duara, mtu mfupi mpana, mwenye kikohozi, ambaye nilimkumbuka kutoka kwenye pikapu. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba, Mwalimu. Karibu. Mabula alikuwa anakutaja, tukadhani ni mkewe." Nikamwambia si mkewe. "Basi sisi tulishakuhesabu," akasema, akabeba gunia begani kama anabeba mto wa kulalia.

Mke wake alikuwa anauza chakula kwenye kibanda cha mabati kando ya karasha, mashine ya kusagia mawe, na kwa kelele zile ilibidi tuongee kwa kupaza sauti hata maneno ya pole. Nikapewa ugali wa muhogo na sangara wa kukaanga. Wachimbaji walikuwa wanaingia, wananipa mkono wa rambirambi wenye vumbi, wanaagiza, wanakula, wanatoka. Duara la Mabula lilikuwa limeshafukiwa na jipya limefunguliwa hatua chache pembeni, limewekwa matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta, meupe bado yanatoa utomvu. Nilisimama pale nikaangalia kifusi. Sikuhisi kitu, nikarudi kwenye kibanda.

Alasiri wakagawa. Mifuko ya mawe ya siku zile ilipangwa mstari mmoja mdomoni mwa duara, na watu wakasimama kwa mafungu yao: mwenye eneo, mwenye duara aliyetoa matimba na pampu, na makundi matatu ya wachimbaji. Baba Neema alikuwa anataja, vijana wanavuta. Ilikuwa mifuko ishirini na tatu. Kila fungu likavuta minne, watu wakaanza kufunga kamba na kuita pikipiki. Mifuko mitatu ikabaki pale mdomoni, hakuna anayeitazama.

"Baba Neema," nikasema, "mitatu hamjagawa."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. "Imegawiwa hiyo, Mwalimu," akasema Baba Neema. "Hiyo ya duara."

"Ya duara maana yake nani?"

"Duara lenyewe. Kisichogawanyika sawa hakigombaniwi. Tukianza kukigombania hicho, kesho nani atamshikia mwenzake kamba? Kinakaa hapo. Mtu akiumia, ndicho kinamtibu. Asipoumia mtu, kinanunua matimba."

"Na hakuna anayeigusa?"

Kijana mmoja aliyekuwa anafunga kamba akadakia: "Aiguse halafu ashuke? Nani atashuka naye?"

Nikamuuliza Baba Neema kama Mabula alijua utaratibu huo. Akaniangalia kama nimeuliza kama Mabula alijua kula. "Mabula ndiye alikuwa anatugawia," akasema. "Ana hesabu ya haraka yule, we acha. Mgao wake wa mwisho ilikuwa mifuko kumi na saba. Tatu tatu, miwili ikabaki. Akasema huu nitauweka kwenye kompyuta, wazungu waone watu wanavyogawana. Tukamcheka." Akakohoa, akageuka kutema mate mbali, akarudi. "Hiyo miwili ndiyo ilimleta nyumbani, Mwalimu. Lile jeneza, na pikapu. Tulisaga usiku ule ule duara lilipotitia. Tulisema mama yake asipokee mtoto kwenye turubai."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nakumbuka nilikiweka chini taratibu sana, kwenye benchi, na benchi lilikuwa limeinama, kikateleza, kikamwagika, na mke wa Baba Neema akasema maji yakimwagika hayazoleki, akaniletea kingine. Mifuko miwili imekwenda wapi. Niliuliza mwenyewe, kwa maandishi, mbele ya dunia nzima, na jibu lilikuwa limeshapita mbele yangu limepigwa vanishi. Nilidhani sasa nitalia. Sikulia. Nikanywa ile chai ya pili, ilikuwa na tangawizi nyingi.

Niliporudi Ngokolo nilifungua kazi ya Mabula nikaisoma upya, na safari hii nikaisoma yote, mpaka kwenye majaribio. Kila mchango unakuja na majaribio yake, vijimistari mwishoni vya kuthibitisha kwamba programu inafanya ulichokusudia. Kwa kawaida mhakiki anayaendesha tu, yakipita anasonga mbele. Nami ndivyo nilivyokuwa nimefanya. Sasa niliyasoma kama barua ya mtu, na katikati nikalikuta moja lililokuwa likipima hivi: toa jumla ya mafungu kwenye idadi ya mwanzo, kinachobaki kisiwe hasi, na lazima kiwe kidogo kuliko idadi ya mafungu. Alikuwa anajua. Alikipima kile kinachobaki, akakiwekea mpaka, akakiacha makusudi pale alipoona ndipo mahali pake. Kosa lake lilikuwa moja tu, na ni kosa la watu wa duara peke yao: hakueleza. Kwake yeye mfuko wa duara haukuwa jambo la kumweleza mtu, kama usivyomweleza mtu kwamba chumvi inatiwa kwenye mboga.

Nikaandika kwenye ukurasa, chini ya swali langu mwenyewe. Niliandika kwamba nimepata jibu, kwamba mahali alipotoka mwandishi kisichogawanyika hakipewi mkubwa wala mdogo, kinabaki cha wote mpaka kihitajike, na kwamba msimbo unafanya hivyo kwa usahihi na majaribio yanathibitisha. Nikaandika kwamba sibadilishi mstari hata mmoja, na kwa hiyo jina langu lisiwekwe pembeni ya lake, mimi nabaki msomaji. Habari ya jeneza sikuiandika. Msimamizi alikaa kimya siku kadhaa, na siku hizo nilikuwa naungua kama nina malaria. Kisha akajibu kwamba hajawahi kuona mgao wa namna hiyo, lakini hesabu ni sahihi, kinachokosekana ni maelezo. Akaongeza mwenyewe sentensi moja juu ya msimbo: kisichogawanyika hubaki nje ya mafungu. Akaniuliza kama mwandishi angeridhika nayo. Nikamjibu kwamba angebisha kidogo, halafu angeridhika. Ile rangi ya machungwa ikawa kijani.

Nilikwenda kwa Mama Mabula kupitia mlangoni, jambo hili halikuwa la kupitia dari. Alikuwa anapepeta. "Wamekubali," nikasema.

Ungo ukasimama. "Na lile kosa?"

"Halikuwa kosa. Mimi ndiye sikuwa nimejua." Nikamweleza ya Runzewe, yote, na ya mifuko miwili. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mchele umetulia kwenye ungo. Akaniuliza jambo moja tu.

"Waliisoma yote? Au wamekubali kwa kumhurumia marehemu?"

"Yote, Mama. Mstari kwa mstari."

"Wabeja," akasema, asante kwa Kisukuma, hakunitazama, na nilijua si mimi peke yangu aliyekuwa anashukuriwa. Baadaye nikamsikia akiongea na fundi. Fundi alikuwa anapendekeza maneno marefu, mwanahisabati, mtaalamu, mpendwa wetu. Mama Mabula akamkatisha: "Andika jina. Chini yake andika, Kazi yake imesomwa. Basi." Fundi akasema hajawahi kuandika hivyo kwenye kaburi. "Ndiyo uanze," akajibiwa.

Siku ya kumbukumbu Baba Neema na wenzake walikuja, safari hii shingo zimeoga. Saruji ilikuwa bado mbichi. Mama Mabula hakuwa anasoma vizuri, alipitisha kidole hewani juu ya herufi bila kuzigusa, akaniambia, "Soma, ng'wanone, tusikie." Ng'wanone ni mwanangu kwa Kisukuma, na alikuwa anawaita hivyo watoto wake wawili tu. Nikasoma jina vizuri. Nikasoma "Kazi yake". Neno la mwisho likakataa kutoka. Nikajaribu tena, likakataa, na hapo, mbele ya wachimbaji na kwaya, mwaka mzima ukanitoka kwa mkupuo, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Baba Neema ndiye aliyenishika nisianguke kwenye saruji.

Sasa tumemzika Mama Mabula pembeni ya mwanawe, kama alivyoagiza. Watu walipoanza kutawanyika nilibaki nikitazama lile kaburi la zamani, limepasuka kidogo kwenye kona, herufi zimejaa kuvu lakini zinasomeka. Ester, binti wa Pendo, ambaye hakuwa amezaliwa mwaka ule, alikuja akasimama karibu yangu, akasoma kwa sauti ya chini. "Mwalimu," akasema, "tangu mdogo nimekuwa najiuliza. Mjomba alikuwa mchimbaji. Hii kazi yake ni ipi, na ilisomwa na nani?"

"Tukifika nyumbani nitakuonyesha kazi," nikasema. "Ipo bado, watu wanaitumia." Nikainama nikatoa jani lililokwama kwenye herufi ya mwisho. "Ilisomwa na mimi."